Ukuta Wangu wa Vioo

Hii aibu nimekaa nayo miaka mingi, na ningeendelea kukaa nayo kimya kama si bwanangu kuisimulia katika kila harusi tunayoenda, na kila mwaka anaongeza kitu (siku hizi ati kondoo walikuwa wawili), kwa hivyo nimeona afadhali niiseme mwenyewe mpate ile ya kweli. Kosa lilikuwa langu. Nilionywa na watu watatu, wote kwa upole, na wote niliwaona hawajui mambo.

Ilikuwa ile miaka ya kwanza ya elfu mbili, wakati Kitengela watu walikuwa wananunua ploti kila upande na kila wiki kuna mtu anahamia kwake. Mimi nilikuwa na saluni karibu na stendi, na bwanangu, Baba Nasieku, alikuwa anapima mashamba. Tulikuwa tumepanga nyumba miaka saba, kwanza Ngong, halafu Nkoroi, mwishowe akatujengea. Nyumba ya mawe, vyumba viwili vya kulala, jikoni, veranda nzuri mbele, na sebule ambayo, niseme ukweli, ilikuwa ndogo. Ukiweka viti na meza, mtu akitaka kupita lazima mwingine anyanyue miguu.

Na mimi nilikuwa na vitu. Mnakumbuka mitindo ya wakati ule. Vitambaa vya kufuma kwa mkono vilikuwa juu ya kila kiti, juu ya redio, juu ya televisheni, hata chupa ya chai nilikuwa nimeivalisha. Maua ya plastiki yalikuwa kila pembe, na yalikusanya vumbi la Kitengela mpaka waridi likawa na rangi ya udongo. Nilikuwa na kapeti jeupe la manyoya, ambalo mtu hakulikanyaga na kiatu, hata awe nani. Bwanangu alikuwa anavulia viatu kwa geti siku za mvua ili asigombane na mimi. Hayo yote hakuna mtu aliyeyapenda, sasa najua, lakini yalikuwa hayajamuumiza mtu bado.

Sasa kulikuwa na mteja wangu mmoja, Mama Trevor, mwanamke wa kujipenda, alikuwa anatoka Laiser Hill mpaka Kitengela kwa sababu alisema hakuna mtu anaweza kumsuka kama mimi. Siku moja akanialika chai kwake. Nikaingia nikaona sebule kubwa kama kanisa, na huko mbali nikaona mwanamke mnene amevaa sweta kama yangu anakuja upande wangu, na ameshika mfuko wa ndizi kama wangu. Nikasimama nimpishe. Naye akasimama. Mama Trevor akasema, "Ni kioo, mama. Ukuta mzima. Inafanya nyumba inakuwa kubwa."

Ile chai sikuionja hata ladha yake. Nilikuwa nahesabu upana wa ukuta kwa macho.

Nilipomwambia Baba Nasieku alimaliza ugali wake kwanza (yeye si mtu wa maneno mengi), halafu akauliza, "Kwa hivyo kila siku nitakuwa najiangalia nikikula?" Nikamwambia atazoea. Huyo ndiye wa kwanza kunionya.

Wa pili alikuwa fundi. Alipima ukuta, akasema, "Mama, tuanzie hapa kiunoni kwenda juu. Chini ni mahali pa watoto na fagio." Nikamwambia mimi nataka kutoka sakafuni mpaka kwa dari, kama vile nimeona, na kama hawezi nitaita mwingine. Akaniangalia, akachukua penseli yake akaiweka nyuma ya sikio, akafanya nilivyotaka. Vilikuwa vioo vinane virefu, vimebandikwa kimoja karibu na kingine. Siku alipomaliza nilikaa peke yangu sebuleni karibu saa nzima, nikajiona niko na nyumba ya mtu tajiri.

Raha hiyo ilikaa kama wiki mbili. Baadaye nikaanza kuona kwamba kazi yangu ya asubuhi ni kufuta alama za vidole, kwamba nikiamka kwenda kukoroga uji nashtuka kuna mtu ndani ya nyumba, na kwamba wageni wangu hawaongei na mimi, wanaongea huku wakijirekebisha kola. Jirani mmoja alikaa dakika kumi akasema anasikia kizunguzungu. Lakini mimi singekubali. Mtu akishaweka kitu kama hicho ukutani, na watu wote wameona, ataanzia wapi kusema amekosea?

Sasa nimlete mama mkwe wangu, maana yeye ndiye mwenye hii habari.

Yeyo (ndivyo watoto wake wanamwita mama yao kwa Kimaa, nami pia) alikuwa anakaa bomani mbele ya mji wa Kajiado. Mimi ni Mkamba, na tulioana na mtoto wake kwa haraka kidogo, kanisani kwetu, na watu wa kwao walifika wakiwa wachache. Yeyo hakuwahi kunitusi hata siku moja. Lakini pia kwa ile miaka saba hakuwahi kuingia nyumba yangu. Tulimtembelea sisi. Kila nikimwalika alisema, "Hiyo ni nyumba ya watu. Nitakuja mkiwa na yenu." Mimi moyoni nilikuwa nasema ananikataa kwa adabu. Kwa hivyo siku Baba Nasieku aliporudi kutoka Kajiado akasema Yeyo anakuja Jumamosi, na anakuja na shangazi wawili na mjomba, Mzee Parmuat, na wanaleta kondoo dume wa kubariki nyumba, nilikaa chini.

Wiki hiyo nilifua kila kitambaa. Nilisugua ule ukuta na gazeti lililoloweshwa mpaka mkono ukauma. Na kwa sababu ya kiburi (hapa ndipo ningefaa kujikomesha) nikaalika pia wanawake sita wa chama chetu, Mama Trevor akiwa mmoja wao, waje saa saba waone vile nimekubalika kwa wakwe.

Wakwe wakafika mapema, saa nne hivi, na pikapu. Kondoo alikuwa mnyama mkubwa, mwekundu, mkia umejaa mafuta, pembe zimekunjwa nyuma ya masikio. Baba Nasieku akamfunga kivulini nyuma ya nyumba. Mimi nikainama mbele ya Yeyo, akanigusa kichwa, nikasikia machozi karibu. Halafu nikawaomba wote wavue viatu. Wakavua. Mzee Parmuat alipanga akala zake kando ya mlango polepole kama mtu anayeingia kanisa la watu wengine.

Yeye ndiye aliyeingia wa kwanza. Akasimama pale kwa kapeti, akaona mbele yake kuna mzee mwingine na nyuma yake watu wengi wamesimama, akainua mkono kwa heshima akasema, "Supa."

Hakuna aliyejibu. Akangoja. Mtu mzima anapotoa salamu hangojeshwi. Ni Baba Nasieku aliyemwokoa, akajibu kutoka nyuma, "Ipa," kwa sauti ya chini, kama ndiye aliyesalimiwa. Mzee akageuka, akaangalia kioo tena, akasema, "Kumbe ni sisi," akaenda akakaa. Hakucheka, na hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wacheke.

Nikaleta chai. Yeyo alishika kikombe chake hakukinywa. Alikuwa anaangalia ukuta, anaangalia chini, anaangalia ukuta. Mwishowe akaniita karibu.

"Mama Nasieku, hakuna shuka ya kufunika hao watu?"

"Watu gani, Yeyo?"

"Hao wanakunywa chai na sisi."

Na shuka nilikuwa nazo. Nilikuwa na shuka nne kabatini, na misumari, na bwana mrefu wa kuzitundika. Lakini nikafikiria Mama Trevor akiingia akute ukuta wangu umefunikwa kama nyumba ya matanga, nikacheka kidogo nikasema, "Ah, Yeyo, utazoea tu." Huyo alikuwa wa tatu, na hilo ndilo jibu nililompa mama aliyengoja miaka saba kuingia kwangu.

Hakubishana. Alisimama akahamia kile kiti kirefu kilichokuwa kimeegemea vioo, akakaa akiwa amevipa mgongo. Nikaona mambo yamekaa sawa. Kumbe sasa watu wote waliokuwa mbele yake wakiongea naye, macho yanapita juu ya kichwa chake yanaenda kwa kioo, na yeye kila mara anageuka kuona ni nani yuko nyuma. Baada ya muda akasema anaenda kuona jikoni. Kutoka jikoni akaenda veranda. Shangazi mmoja akamfuata, wa pili akamfuata, Mzee Parmuat naye akasema ndani kuna joto (hakukuwa na joto), na watu wa chama walipofika saa saba walikuta wakwe wangu wote wako nje, wamekalia kreti za soda na ndoo zilizopinduliwa, wanaongea na kucheka vizuri, na mimi niko ndani na sebule yangu.

Wanawake wa chama wakavua viatu, wakaingia, wakakaa. Nikaona Mama Trevor anaangalia nje kupitia mlangoni, halafu ananiangalia mimi.

"Mama Nasieku, kwani wageni wako wamekataa kuingia?"

"Wanapunga upepo tu," nikasema.

Lakini nilikuwa nimechomeka. Nikaenda veranda nikamwambia Yeyo chakula kinapakuliwa, arudi tafadhali mahali pake. Akaangalia ndani, akaangalia uso wangu, na nadhani aliona kitu huko, kwa sababu aliinuka akavuta shuka yake vizuri. Wakati huohuo Mzee Parmuat akasema kabla ya kula ni vizuri kondoo abarikiwe kwa maziwa, halafu wanaume wakamchinje. Yeye alitaka ifanyiwe huko nyuma, kivulini. Mimi nikasema hapana, Mzee, mleteni hapa mbele kwa mlango, hawa wageni wangu pia waone. Nikafungua milango yote miwili ya mbele mpaka mwisho.

Mimi ndiye nilisema. Hakuna mwingine wa kulaumiwa.

Baba Nasieku akamleta kwa kamba mpaka kwa ngazi. Yule kondoo alikuwa mtulivu kabisa. Mzee akaanza kumimina maziwa kutoka kwa kibuyu, na sisi tulio karibu tunaitikia "Nai" kila akimaliza sentensi, na mimi nimeshika mkono wa Yeyo, namwongoza ndani polepole kuelekea kile kiti kirefu. Tulikuwa tumebakisha hatua kama mbili. Kondoo akainua kichwa. Huko mbele, mwisho wa sebule, akaona kondoo dume mwingine, mkubwa, mwekundu, anamwangalia macho kwa macho.

Wale ambao wamefuga wanajua kondoo dume hakimbilii adui yake vivi hivi. Anarudi nyuma kwanza. Alirudi hatua tatu, na yule mwingine akarudi hatua tatu, na nilisikia Mzee Parmuat akisema kwa Kimaa neno moja ambalo bwanangu amekataa kunitafsiria mpaka leo. Halafu kondoo akaja.

Baba Nasieku hakuachilia kamba. Nampa heshima kwa hilo. Alivutwa kupita mlango, kupita meza, amelala kwa tumbo juu ya kapeti jeupe kama mtu anayeogelea, na maziwa na thermosi ya chai nyuma yake. Mimi nilisimama kama mti. Kilichofuata nilikisikia mkononi kabla ya kukiona: Yeyo alinivuta. Yule mama mwembamba wa miaka sabini na kitu alinivuta kwa nguvu mpaka nikaanguka juu yake karibu na mlango wa jikoni, na papo hapo kondoo akapiga kioo cha pembeni, hapo chini kabisa ambapo fundi alisema tusiweke.

Havikuanguka vyote pamoja. Cha kwanza kilipasuka, halafu kukawa na kimya, halafu cha pili na cha tatu vikateremka vizima kutoka juu, polepole, vikavunjikia kwa kile kiti kirefu. Pale pale Yeyo alipokuwa amekaa. Pale nilipokuwa nampeleka kwa mkono wangu.

Kondoo akasimama katikati ya vipande, akatikisa kichwa, akaangalia adui yake ameenda wapi. Bahati mbaya akamwona tena kwa kioo cha nne. Akaanza kurudi nyuma. Hapo Mzee Parmuat akaingia na akala zake miguuni (hakuwa amevua mara ya pili, ashukuriwe), akainama, akamshika mguu wa nyuma, akaunyanyua juu, na vita vikaisha. Alimtoa nje akiruka kwa miguu mitatu.

Ndipo tukagundua tatizo lingine. Wanawake sita wa chama walikuwa wamepanda juu ya viti, wote miguu mitupu, na sakafu nzima ilikuwa vioo, na viatu vyao vyote vilikuwa vimepangwa nje kwa amri yangu. Basi Mzee Parmuat akasimama dirishani akawa anainua kiatu kimoja kimoja.

"Hii ni ya nani?"

"Yangu, Mzee."

"Na ndugu yake iko wapi?"

"Ni hiyo nyeusi nyingine. Hapana, ile ya kisigino."

Aliwarushia polepole bila haraka, kumi na viwili vyote. Mama Trevor alivaa vyake akiwa amesimama juu ya kitambaa changu cha kufuma, akatoka bila kuniangalia.

Mimi nilikuwa nimekatwa kidogo chini ya mguu. Yeyo akanikalisha kwenye kreti huko veranda, akaomba maji ya chumvi, akanioshea mguu yeye mwenyewe. Nilijaribu kukataa, si adabu mama mkwe akuoshe mguu, akaniambia nitulie. Nikaanza kulia. Nikamwambia nisamehe, Yeyo, ningekuua kwa sababu ya mambo ya urembo.

Alifunga kitambaa kwanza, akakaza. Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta neno moja moja.

"Mimi nilikuja kuangalia wewe," akasema. "Huko ndani nikaona watu mingi sana. Wewe sikuona."



Tulikula huko nje, wali na kuku niliokuwa nimepika, watu wa chama na wakwe wamechanganyika kwenye ndoo na kreti, na kusema kweli mazungumzo yalikuwa mazuri kuliko siku zote. Lakini nyumba haikubarikiwa. Kondoo alikuwa na damu kwenye paji la uso, na Mzee Parmuat akaeleza, bila kunilaumu, kwamba mnyama wa baraka hafai kuwa na jeraha. Ilibidi arudi nyumbani Kajiado ndani ya pikapu, hai, amefungwa dawa. Nilisimama kwa geti nikiangalia baraka ya nyumba yangu inaondoka imetoa kichwa nje, nikajua ni mimi nimeifukuza.

Habari ilifika kila mahali. Wateja wangu saluni walikuwa wakikaa mbele ya kioo wananiuliza kama kondoo yuko karibu. Na Mama Trevor alirudi baada ya mwezi kusukwa, akaniambia, macho yake yakiwa chini, kwamba yeye ukuta wake alikuwa ameshautoa hata kabla ya siku hiyo, kwa sababu bwanake alikuwa amehamia kulia chakula chumbani. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ulikuwa unaupenda sana." Sikumkasirikia. Mimi mwenyewe ningenyamaza.

Vioo vilivyobaki nilivitoa, ukuta nikaupaka rangi ya maziwa, kapeti nikalikunja. Na baada ya mvua ndefu, bila mimi kumwalika, Yeyo alikuja tena na Mzee Parmuat na kondoo dume mwingine, wakabariki nyumba huko nyuma kivulini kama Mzee alivyotaka tangu mwanzo. Yeyo alilala kwangu siku tatu. Jioni ya kwanza akanipeleka kwa pikapu akanionyesha kitu kingine alichokuwa ameniletea mimi peke yangu, kondoo jike mdogo, mwenye doa jeupe shingoni.

"Huyu hana vita na mtu," akasema.

Sikujua kwamba kwa Wamaasai mtu akikupa kondoo, hamwitani tena kwa majina ya kawaida. Mnaitana Paker, wewe kwake na yeye kwako, mpaka mmoja afe. Kwa hivyo tangu siku hiyo mama mkwe wangu hakuniita tena Mama Nasieku, na akinipigia simu kutoka Kajiado neno la kwanza lilikuwa hilo, Paker, halafu ndipo anauliza watoto.

Ukuta wangu sijaweka kitu tena, hata kalenda. Mtu akiniletea habari ya mtindo mpya wa nyumba namsikiliza mpaka amalize, namkaribisha chai, na simuulizi unapatikana wapi. Na mgeni akiniambia hapa ndani najisikia vibaya, funika kile, toa hiki, mimi huinuka mara moja. Nimejifunza, ila ninyi mnajua nilivyojifunza.